Schalke 04: bingwa wa Ujerumani mara 7, Bundesliga kapa

Swali: Nimenunua jezi ya bluu ya Schalke 04 mnadani hapa Kahama. Kifuani ina neno Gazprom, mgongoni Raúl na namba 7. Rafiki yangu wa Dortmund ananicheka kila siku, eti nimevaa jezi ya klabu ambayo haijawahi kuchukua ubingwa wa Bundesliga. Nimetafuta nikakuta imeandikwa ni mabingwa wa Ujerumani mara 7. Nani mkweli? Hiyo 04 ni ya nini? Na jezi yangu ni halali au nimepigwa?

Jibu: Ndugu yangu, mnasema kweli nyote wawili, ila mwenzako anasema nusu. Suala la jezi nitalirudia mwishoni.

Schalke walikuwa mabingwa wa Ujerumani mwaka 1934, 1935, 1937, 1939, 1940, 1942 na 1958. Bundesliga ilianza msimu wa 1963/64. Kabla ya hapo Ujerumani haikuwa na ligi moja ya nchi nzima. Kila kanda ilikuwa na ligi yake, vinara wa kanda wanakutana katika hatua ya mwisho, na fainali moja inamtoa bingwa. Ubingwa ulipatikana kwa njia hiyo tangu 1903, na hakuna Mjerumani anayesema haukuwa ubingwa. Ila nyota zinazoshonwa juu ya nembo huhesabu mataji ya Bundesliga peke yake, ndiyo maana jezi yako haina hata moja. Tangu ligi hiyo ianze, Schalke wameshika nafasi ya pili mara 7: 1972, 1977, 2001, 2005, 2007, 2010 na 2018. Saba kwa saba, kama vile kuna mtu anaweka hesabu.

Rafiki yako akiendelea kukucheka, muulize Dortmund wana mataji mangapi. Atajibu 8. Mwambie atoe ya 1956, 1957 na 1963, yote ya kabla ya Bundesliga. Akikubali, abaki na 5 yake na wewe ubaki na sifuri. Akikataa, basi ana 8 na wewe una 7, na kicheko kimepungua sana.

Sasa 04. Ni mwaka 1904. Vijana wadogo, wengi wao umri wa miaka kumi na minne hivi, walianzisha timu ya mtaani wakaiita Westfalia Schalke. Schalke si mji. Ni mtaa, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo ulikuwa umeunganishwa na mji wa Gelsenkirchen, katika bonde la Ruhr magharibi mwa Ujerumani. Rangi zao za kwanza zilikuwa nyekundu na njano. Bluu na nyeupe zilikuja 1924, walipojitenga na chama cha mazoezi ya viungo walichokuwa wameungana nacho ili wapate kuingia kwenye ligi rasmi. Ndipo wakajiita FC Schalke 04.

Niliwahi kuishi Bochum, mji wa jirani, na nilikuwa napanda tramu namba 302 kwenda uwanjani. Inapita katikati ya mtaa wenyewe. Ukiwa unategemea kuona mji wa klabu kubwa ya Ulaya, utashangaa: nyumba za matofali yaliyoingia weusi, maduka yaliyofungwa, daraja la barabara kuu juu ya kichwa, na kuta zilizopakwa bluu kila unapogeuka. Kuna kituo kinachoitwa Ernst-Kuzorra-Platz. Huyo Kuzorra nitamfikia.

Bila makaa ya mawe huwezi kuielewa Schalke, na wewe wa Kahama sidhani kama nahitaji kukueleza mji wa mgodi unavyokuwa. Chini ya mtaa ule palikuwa na mgodi ulioitwa Consolidation. Baba anashuka shimoni, mtoto anakua anashuka shimoni, na Jumapili wote wako uwanjani. Jina la utani la timu, Knappen, ni neno la zamani la Kijerumani kwa wachimbaji. Fritz Unkel, rais aliyeipa klabu uhai katika miaka ya 1920, alikuwa mtu wa idara ya vifaa katika mgodi huohuo. Uwanja wao uliofunguliwa 1928 ulijengwa kwenye ardhi ya mgodi na ukaitwa Glückauf-Kampfbahn. Glückauf ni salamu ya wachimbaji, ya kumtakia mwenzako apande salama kutoka chini.

Wengi wa wachimbaji hao walikuwa wahamiaji. Migodi ilikuwa imewavuta kutoka Masuria, kusini mwa Prusia Mashariki, watu wa Prusia waliokuwa wakizungumza lahaja ya Kipolandi nyumbani. Soma majina ya kikosi cha miaka ya 1930 utaona: Szepan, Kuzorra, Tibulski, Kalwitzki. Wapinzani waliwatukana kwa jina baya la kuwadharau Wapolandi. Walipochukua ubingwa wa kwanza, magazeti ya Poland yakafurahi kwamba bingwa wa Ujerumani ni mwenzao, na klabu ikalazimika kuandika barua gazetini kueleza wazazi wa wachezaji walikotoka.

Kabla ya ubingwa huo ilitokea kashfa, ya kwanza kati ya tatu nitakazokusimulia. Zote tatu ni za pesa, na kwa maoni yangu zinaeleza sifuri yako ya Bundesliga kuliko habari zozote za bahati mbaya.

Wakati ule soka la Ujerumani lilikuwa la ridhaa. Mchezaji aliruhusiwa posho ndogo tu, marki 5 (marki ni pesa ya Ujerumani ya zamani). Schalke walikuwa wanawapa wachezaji wao zaidi. Klabu nyingine nazo zilifanya hivyo, ila Schalke walikuwa wanashinda sana, kwa hiyo waliangaliwa sana. Agosti 1930 chama cha soka cha magharibi kiliwafungia wachezaji 14, karibu timu nzima ya kwanza, kwa kosa la kucheza kwa malipo. Mtunza hazina wa klabu, Willi Nier, alijitupa katika mfereji wa Rhein-Herne akafa. Wachezaji wakafunguliwa mwaka uliofuata. Tarehe 1 Juni 1931 walirudi kwa mchezo wa kirafiki dhidi ya Fortuna Düsseldorf, na inasemekana watu 70,000 walijazana kwenye uwanja ambao haukujengwa kwa idadi hiyo. Siku ile ndiyo ilionyesha kwamba Schalke imekuwa kitu kikubwa kuliko timu.

Sasa mpira wenyewe. Walicheza mtindo ulioitwa Kreisel, yaani pia, ile ya watoto inayozungushwa kwa kamba. Pasi fupi fupi za chini, kila mtu anahama, mpira unazunguka mpaka mpinzani anaona kizunguzungu. Mbegu ya mchezo huo ililetwa na ndugu wawili, Hans na Fred Ballmann, waliokulia Uingereza. Waliokuja kuustawisha ni Ernst Kuzorra, aliyewahi kushuka mgodini akiwa kijana, na Fritz Szepan, nahodha wa timu ya taifa, mtu mrefu, mzito wa miguu na mwepesi wa akili. Szepan alimuoa dada yake Kuzorra, kwa hiyo shemeji wawili ndio walioendesha mambo uwanjani.

Fainali ya 1934 huko Berlin, dhidi ya 1. FC Nürnberg waliokuwa wakubwa wa enzi hizo, Schalke walikuwa nyuma 1–0 hadi dakika za mwisho kabisa. Szepan akasawazisha. Kisha Kuzorra, aliyecheza akiwa na ngiri iliyokuwa inamsumbua vibaya, akapiga shuti la mwisho mpira ukaingia, naye akaanguka. Matokeo 2–1. Mwaka uliofuata waliwafunga VfB Stuttgart 6–4. Mwaka 1937 wakachukua ubingwa na Kombe la Ujerumani kwa pamoja, jambo ambalo hakuna timu ya Ujerumani iliyokuwa imelifanya kabla yao. Mwaka 1939 wakawabugiza Admira ya Vienna 9–0 kwenye fainali, na sijui fainali nyingine ya ubingwa wa Ujerumani iliyokaribia kipigo hicho. Katika ligi ya kanda ya Westfalia walikuwa mabingwa misimu yote 11 kuanzia 1933 hadi 1944, wakapoteza michezo 6 tu kati ya 189.

Umeona miaka hiyo. Mataji 6 kati ya 7 yalichukuliwa chini ya utawala wa Hitler, na mtu akikwambia habari ya mataji bila kukwambia hilo, hajakuheshimu. Timu bora ya wakati ule, ya watoto wa wachimbaji, ilikuwa picha nzuri kwa propaganda ya Wanazi, na klabu haikukataa kupigwa picha hiyo. Makamu mwenyekiti, daktari wa meno Paul Eichengrün, alikuwa Myahudi. Ilipofika 1933 aliondoka kwenye uongozi. Szepan alijiunga na chama cha Nazi, na mwaka 1938 akachukua duka la nguo la Mayahudi kwenye uwanja wa soko wa Schalke, wakati Mayahudi walipokuwa wananyang'anywa mali kwa bei ya kutupa. Wenye duka walisafirishwa hadi Riga wakauawa huko. Miaka mingi baadaye, mpango wa kumpa jina la mtaa karibu na uwanja mpya ulifutwa kwa sababu ya duka hilo. Klabu yenyewe iliwapa wanahistoria kazi ya kuchunguza kipindi kile na matokeo yakatolewa hadharani, nami nawapa sifa kwa hilo, ingawa walichelewa.

Taji la mwisho, 1958, nalisimulia kwa kifupi: kocha Edi Frühwirth kutoka Austria, fainali Hannover, Schalke 3 Hamburg 0, nahodha Berni Klodt akafunga mawili. Aliyezaliwa siku ile sasa ni mzee.

Bundesliga ilipoanza Schalke walikuwa miongoni mwa timu 16 waanzilishi, na mara moja ikaonekana kwamba dunia imebadilika. Mwaka 1965 walimaliza wa mwisho. Waliponea kwa sababu Hertha Berlin iliondolewa kwa makosa ya malipo na ligi ikapanuliwa hadi timu 18. Hebu fikiria, walishika mkia na bado wakabaki.

Hapa naomba nichepuke kidogo, kwa ajili ya rafiki yako wa Dortmund. Septemba 1969, kwenye dabi huko Dortmund, mashabiki waliingia hadi pembeni mwa uwanja baada ya bao la Schalke, na mbwa wa walinzi wakachanganyikiwa. Mmoja alimng'ata beki wa Schalke, Friedel Rausch, kwenye makalio. Alichomwa sindano akaendelea kucheza. Mchezo wa marudiano Januari 1970, rais wa Schalke Günter Siebert akaazima simba kutoka hifadhi ya wanyama ya jirani akawapitisha pembeni mwa uwanja kabla ya mechi. Simba wa kweli, wenye minyororo. Mmoja wa watani wa jadi wa Kariakoo anaitwa Simba, lakini sijasikia aliyewahi kumleta mwenyewe.

Kashfa ya pili ndiyo iliyoua kizazi. Tarehe 17 Aprili 1971 Schalke walifungwa nyumbani 1–0 na Arminia Bielefeld, timu iliyokuwa inapigania kutoshuka daraja. Kila mtu alijua timu hizo mbili haziko sawa. Baadaye ikajulikana kwamba Bielefeld walitoa marki 40,000, kila mchezaji akapata marki 2,300. Angalia kiasi hicho: si pesa ya kununua nyumba. Tarehe 6 Juni, siku moja baada ya ligi kwisha, rais wa Kickers Offenbach, Horst-Gregorio Canellas, alikuwa anasherehekea miaka 50 ya kuzaliwa. Klabu yake ilikuwa imeshuka daraja. Mbele ya waandishi na kocha wa taifa aliwasha kinasa sauti, wageni wakasikia wachezaji wa klabu mbalimbali wakipatana bei kwa simu. Schalke haikuwa peke yake kwenye uchafu ule, lakini wachezaji wake waliongeza kosa juu ya kosa: waliapa mahakamani kwamba hawakupokea chochote. Kesi ikaburuzwa miaka mingi, wakaja kukiri, wakatozwa faini kwa kuapa uongo, na wapinzani wakaibatiza timu jina la klabu ya viapo vya uongo.

Ubaya ni kwamba kikosi kile kilikuwa kizuri kupita vyote walivyowahi kuwa navyo baada ya vita. Msimu wa 1971/72, kesi ikiwa inanguruma, walimaliza wa pili nyuma ya Bayern na kuchukua kombe kwa kuwafunga Kaiserslautern 5–0. Alikuwepo winga Stan Libuda, ambaye mashabiki walisema hakuna anayempita Mungu ila yeye. Alikuwepo Klaus Fischer, mfalme wa tikitaka kwa maana yetu ya Kiswahili, mtu aliyefunga mabao 268 katika Bundesliga. Wote wawili walifungiwa maisha, kisha adhabu zikapunguzwa. Libuda alikimbilia Ufaransa. Fischer alikosa Kombe la Dunia la 1974 lililochezwa nyumbani kwao, ambalo Ujerumani Magharibi ililichukua, na akaitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza 1977. Hapa ndipo ninapoiona sifuri yako. Timu iliyokuwa na uwezo wa kuisumbua Bayern kwa miaka mitano ilivunjwa kwa marki 2,300 kila kichwa.

Kwa Kombe hilo la 1974 Gelsenkirchen ilijengewa uwanja mpya, Parkstadion. Wasomaji wa Lubumbashi wanaujua hata kama hawakumbuki jina lake. Hapo ndipo Zaire walipofungwa 9–0 na Yugoslavia, na siku chache baadaye, dhidi ya Brazil, Mwepu Ilunga wa Mazembe akachomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu ambao haukuwa wao. Wazungu walicheka miaka mingi wakidhani hajui sheria. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba alijua vizuri, na kwamba alifanya vile kwa hasira: wachezaji hawakulipwa fedha zao.

Miaka ya 1980 naipita haraka, maana hata mashabiki wao huipita haraka. Walishuka 1981, wakapanda, wakashuka 1983, wakapanda, wakashuka 1988 na nusura waingie daraja la tatu. Kitu kimoja tu cha kukumbuka: nusu fainali ya kombe Mei 1984, Schalke ya daraja la pili dhidi ya Bayern, sare ya 6–6. Olaf Thon, aliyekuwa ametimiza miaka 18 siku iliyotangulia, alifunga matatu.

Walirudi 1991, na 1993 meneja Rudi Assauer akaanza kazi yake ya pili pale, mwanaume wa sigara kubwa mdomoni. Yeye na kocha Mholanzi Huub Stevens waliwapa Kombe la UEFA la 1997. Waliwatoa Valencia na Tenerife, kisha fainali ya mikondo miwili dhidi ya Inter Milan: 1–0 nyumbani kwa bao la Marc Wilmots, 0–1 San Siro, na penalti 4–1. Golikipa Jens Lehmann alidaka mkwaju wa Zamorano wa Inter, Wilmots akafunga wa mwisho. Ni kombe lao pekee kubwa la Ulaya, na ukienda Gelsenkirchen leo utakuta watu wazima wanaokumbuka walikuwa wamekaa wapi sebuleni.

Halafu 2001. Rafiki yako lazima ameshakutajia. Siku ya mwisho, tarehe 19 Mei, Bayern walihitaji sare tu Hamburg. Schalke walikuwa wanaiaga Parkstadion dhidi ya Unterhaching, wakatanguliwa 2–0, wakashinda 5–3. Dakika ya 90 Sergej Barbarez akaifungia Hamburg. Gelsenkirchen filimbi ikapigwa, habari zikasambaa kwamba Hamburg nako kumekwisha, watu wakamiminika uwanjani, wazee wanalia, fataki zinalipuka. Hamburg hakukuwa kumekwisha. Skrini kubwa ya uwanjani ikaanza kuonyesha mchezo ule ukiendelea. Golikipa wa Hamburg alidaka kwa mikono mpira aliorudishiwa na beki wake, mwamuzi Markus Merk akatoa adhabu ndani ya boksi, na katika dakika ya nne ya nyongeza Patrik Andersson akapiga chini, mpira ukapita katikati ya miguu yote ile. Bayern pointi 63, Schalke 62. Golikipa mwenyewe, Mathias Schober, alikuwa mtu wa Schalke aliyekwenda Hamburg kwa mkopo. Walikuwa mabingwa kwa dakika nne, na Ujerumani nzima ikawapa jina la mabingwa wa mioyo. Assauer alisema haamini tena kama kuna mungu wa mpira.

Mimi nina maoni ambayo hayanipi marafiki Gelsenkirchen. Ubingwa ule haukupotea Hamburg. Ulipotea juma moja kabla, Stuttgart. Schalke na Bayern walikuwa sawa kwa pointi, Schalke wakiwa na mabao mazuri zaidi, na walikwenda kucheza na Stuttgart iliyokuwa inaogopa kushuka. Walicheza kwa kujihami kama watu wanaobeba mayai, wakafungwa na Krasimir Balakov dakika ya 90, wakati Bayern wakipata bao la ushindi dhidi ya Kaiserslautern karibu dakika ileile. Sare tu Stuttgart ingewapa ubingwa. Mwaka 2007 wakarudia: wakiongoza ligi ikiwa imebaki michezo miwili, walikwenda Dortmund wakafungwa 2–0, na Stuttgart ikachukua.

Kashfa ya tatu haikuwa na mlungula wala mahakama. Ilikuwa madeni. Mwaka 2001 walihamia uwanja mpya wenye paa linalofungwa na nyasi zinazovutwa nje zikaote jua, na njia ya wachezaji kutoka vyumbani imetengenezwa ifanane na shimo la mgodi. Uwanja kama ule hulipiwa miaka mingi. Mishahara nayo ilipangwa kwa hesabu kwamba kila mwaka watacheza Ligi ya Mabingwa. Miaka ambayo walicheza, raha ilikuwepo: mwaka 2011 Raúl, yule Mhispania wa jezi yako, akiwa mbele na Manuel Neuer, mtoto wa Gelsenkirchen, golini, waliifunga Inter 5–2 palepale San Siro na kufika nusu fainali. Miaka ambayo hawakucheza, pengo lilizibwa kwa mkopo. Gazprom, kampuni ya gesi ya Urusi, ililipa tangu 2007 ili jina lake likae kifuani. Deni likapita euro milioni 200.

Aliyekaa kileleni muda huo wote ni Clemens Tönnies, tajiri wa viwanda vya nyama, mwenyekiti wa bodi ya usimamizi. Wasomaji wetu wanapaswa kumjua kwa sababu nyingine. Agosti 2019, akizungumzia kodi ya hewa ukaa, alisema ni bora Waafrika wajengewe mitambo ya umeme, waache kukata miti na waache kuzaa watoto gizani. Hii ndiyo klabu ambayo Gerald Asamoah, mzaliwa wa Ghana na Mwafrika wa kwanza mweusi kuichezea Ujerumani, aliitumikia kwa miaka mingi na kuipenda. Asamoah alisema hadharani kwamba ameumia. Tönnies alijiweka pembeni miezi 3, kisha akarudi. Kilichomwondoa ni Juni 2020, baada ya wafanyakazi zaidi ya 1,500 wa kiwanda chake kuambukizwa korona.

Wakati huo timu ilikuwa imeanza kuzama. Kuanzia Januari 2020 walicheza michezo 30 ya ligi bila ushindi hata mmoja, mmoja pungufu ya rekodi mbaya ya Tasmania Berlin. Msimu wa 2020/21 walipita makocha watano, Stevens mzee akiwa mmoja wao kwa siku chache. Na siku waliyoshuka rasmi, tarehe 20 Aprili 2021, walifungwa 1–0. Na nani? Arminia Bielefeld. Miaka 50 na siku tatu tangu mchezo ule walioukubali kuuza. Safari hii hakuna aliyewalipa.

Walipanda 2022, wakashuka tena 2023. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, walilifuta jina la Gazprom kifuani na kuvunja mkataba, uamuzi wa gharama kwa klabu yenye deni. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe Ujerumani ulikuwa umeshafungwa tangu Desemba 2018, huko Bottrop jirani, lakini wimbo wa wachimbaji bado unaimbwa uwanjani kila kabla ya mchezo. Na wakati klabu nyingi kubwa zimegeuza timu zao kuwa kampuni, Schalke imebaki chama cha wanachama, zaidi ya laki moja na nusu. Mwaka 2025 walianza kuwauzia mashabiki hisa kupitia chama cha ushirika, ili deni lipungue na uwanja ubaki mikononi mwao. Mtu wa pamba au kahawa kwetu angewaelewa mara moja, na angekuwa na maswali mawili matatu ya kuwauliza.

Haya, jezi. Raúl alicheza Schalke misimu miwili tu, 2010 hadi 2012, na miaka hiyo watengenezaji walikuwa Adidas. Ikiwa yako ina mistari mitatu mabegani, jina na kampuni vinaoana na inawezekana kabisa ilikuwepo siku Inter wanafungwa tano. Ikiwa ina alama ya Umbro, hiyo ni ya 2018 na kuendelea, Raúl alikuwa ameshastaafu, na jina lilibandikwa na mtu mwenye mashine yake mahali fulani. Geuza pia uangalie mshono wa nembo kwa ndani. Ya kiwandani haina nyuzi zinazoning'inia. Ikiwa ni ya Adidas na ulilipa bei ya mnadani, usimwonyeshe aliyekuuzia jibu hili.